Mistari Myeusi ya Wusi

Nimestaafu. Duka nimewaachia vijana wawili niliowafundisha mwenyewe, nao wamenitundika ukutani: picha yangu kushoto, diploma yangu kulia, na katikati tangazo la kuchaji simu. Sikatai. Nilichokataa ni kutoa hotuba siku ya kuniaga. Niliwaambia nitawaandikia, kwa sababu maneno ya hotuba huliwa pamoja na pilau, na mimi nina mambo ambayo si ya kuliwa.

Vyeo sitavitaja. Mkurugenzi, karani na mfagiaji wa duka langu walikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyempandisha mwenzake cheo. Nitasema tu kwamba nilipofungua mlango ule nyuma ya soko la Voi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, walikuwepo mjini watu wenye diploma ya elektroniki, na walikuwepo watu waliofanya kazi Ghuba, Uarabuni. Mwenye vyote viwili nilikuwa mimi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mbunge aliyeniandikia barua. Mama yangu aliuza mbuzi wake nikasoma, na hadi leo nawashukuru wote, mama na mbuzi.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Nilikuwa nimepanga vifaa vyangu mezani kama daktari wa upasuaji: mita, chuma cha kulehemu, bisibisi kwa ukubwa wake, na kwenye rafu ya juu deki yangu ya video niliyorudi nayo kutoka Ghuba, inayocheza kanda za nchi yoyote duniani. Nikaketi nikisubiri kesi inayolingana na elimu yangu.

Aliyeingia ni Bwana Wafula, mfanyakazi wa reli kutoka magharibi, amekumbatia TV yake kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, hii TV imekatwa," akasema. "Juu imekatwa, chini imekatwa. Nikiweka kanda ya sinema napata kipande katikati tu. Fundi mwingine ameniambia ni kioo kinakufa polepole."

Nikaweka kanda yake. Ilikuwa sinema iliyopigwa kwa ajili ya ukumbi mpana, na waliotengeneza kanda hawakutaka kukata pembeni, kwa hivyo wakaacha mstari mweusi juu na mwingine chini. TV ilikuwa nzima. Nikamweleza kwa utaratibu, nikachora na mchoro.

Wafula akautazama mchoro, akanitazama mimi. "Sasa wewe umesoma," akasema. "Hizo vipande zimeenda wapi?"

"Havijaenda popote. Havikuwepo."

"Fundi, mimi nafanya na hizi vyuma za reli kila siku. Kitu ikikosekana, iko mahali."

Nyuma ya TV za wakati ule palikuwa na skrubu ndogo ya urefu. Ukiizungusha, picha inanyooka juu na chini. Nikaizungusha, mistari ikatoweka, Wafula akapiga makofi. Kwamba waigizaji wote walikuwa wamerefuka kama twiga wa Tsavo halikumsumbua. Aliondoka akinisifu hadi stesheni.

Jioni alirudi bila TV, ametangulia kucheka. "Fundi, njoo uone msomaji wa habari. Uso umekuwa mrefu hivi, nikadhani rais amekufa. Majirani wamenyamaza wote wanangoja kuambiwa."

Hapo ndipo nilipobuni njia ambayo hadi leo haijaandikwa kwenye kitabu chochote. Nilichukua rangi za kucha za mke wangu, nikatia alama mbili pembeni mwa skrubu: nyekundu kwa habari, nyeupe kwa kanda. Mteja akajifunza kuzungusha mwenyewe. Katika miaka ile ungeweza kutoka Voi hadi Salaita na kuwajua wateja wangu kwa kutazama mgongo wa TV zao. Mke wangu aliyafahamu mafanikio yangu kwa njia nyingine: kucha zake zilikuwa tupu daima.

Kuhusu walimu. Chuo kilinifundisha umeme, lakini kuona nilifundishwa na Mzee Athumani, fundi redio wa familia moja ya zamani ya pwani iliyohamia Voi na reli. Mimi nilimfundisha kusoma michoro ya saketi, yeye akanifundisha mambo mawili. La kwanza ni kioo. Skrubu iko nyuma na picha iko mbele, kwa hivyo simamisha kioo cha kunyolea mbele ya TV, wewe kaa nyuma, utaona picha huku mkono ukifanya kazi. La pili alinieleza siku aliponikuta nikirekebisha picha kwa kutazama nyuso za watu.

"Mwanangu, wakosea," akasema. "Uso hauna kipimo. Wako waliozaliwa na nyuso ndefu, wako waliozaliwa na nyuso za sahani, wewe utajuaje? Tafuta mviringo. Kila kanda ina kitu cha mviringo: gurudumu, sufuria, saa ya ukutani. Kikiwa yai, picha yasema uongo. Kikiwa mviringo, hata mtu akionekana kama jini, basi ndivyo alivyo."

Bisibisi ya kazi hiyo iwe ya plastiki, kwa sababu chuma huvuruga picha na pia humuua fundi. Yangu niliichonga kutoka mpini wa mswaki. Vijana, iko kwenye droo ya kulia. Msiitumie kusugulia meno.

Kaa nyuma ya TV miaka mingi na utagundua jambo jingine ambalo Mzee Athumani hakunitajia. Watu wote chumbani wanatazama picha. Fundi peke yake ndiye anayewatazama watu.

Sasa nije kwenye kesi iliyoniharibia jina.

Mama Wakesho alikuwa mjane wa Wusi, kule juu milimani, mkulima wa mboga na mwimbaji wa kwaya. Binti yake Wakesho alikuwa mwalimu. Mwanawe Mwakio alikuwa Amerika, na hakuwa ameonekana nyumbani tangu aende kusoma. Barua zake zilikuwa fupi na zote zilisema jambo moja: niko salama. Kisha ikaja kanda ya video, imeletwa na mtu aliyepita Nairobi. Nyumba ile ilikuwa na stima na TV, lakini kanda za Amerika huandikwa kwa utaratibu tofauti na wetu, na deki za kawaida hazikuzisoma. Deki ya kuzisoma ilikuwa moja tu. Nimeshaitaja.

Nikapanda Wusi nayo Jumapili alasiri. Sebule ilijaa hadi dirishani. Mwenye kiti cha mbele alikuwa Mjomba Shako, kaka yake Mama Wakesho, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya kujenga paa.

Deki yangu iliisoma kanda vizuri, lakini TV ile ikafanya ambacho TV za utaratibu wetu huzifanyia kanda za kule: ikaikunja picha. Mstari mweusi juu, mstari mweusi chini, na katikati kila kitu kimekandamizwa kikapanuka. Mwakio akatokea jikoni kwake akiwa mpana kama mlango.

"Amenona!" sebule ikalipuka.

"Tazama mashavu! Tazama shingo!"

"Jamani, kule wanakula."

Mwakio aliwasalimia mmoja mmoja kwa majina. Mara mbili aligeuka pembeni akafunika mdomo, kisha akarudi akitabasamu.

"Anaona haya," akasema shangazi mmoja.

"Mtu mwenye shingo ile," Mjomba Shako akatangaza, "hawezi kushindwa na paa la kanisa. Mimi naona mabati pale. Naona na mbao."

Mama Wakesho alifurahi kama wengine, ila walipotoka alinivuta kando.

"Fundi, hizo nyeusi juu na chini sizipendi. Zinamweka mwanangu kama picha ya tangazo la mazishi. Jumapili ijayo ukoo wote unakuja, na mchungaji. Waweza kuziondoa?"

Ningeweza kusema "nitajaribu", kama wasemavyo mafundi wasio na diploma. Nikasema, "Mama, hiyo ni kazi ya dakika tano."

Nilirudi Ijumaa mchana na kioo changu na mswaki wangu. Nyumbani walikuwa Mama Wakesho na Wakesho tu. Nikaweka kanda, nikasimamisha kioo kwenye kiti, nikaingia nyuma ya TV. Mviringo ulikuwepo tayari: saa ya ukutani jikoni kwa Mwakio, nyuma ya bega lake, imelala kama yai. Nikaanza kuzungusha polepole. Mstari wa juu ukapungua, wa chini ukapungua, yai likaanza kusimama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa tu, kama nilivyofundishwa. Ilipokuwa mviringo kamili nikaacha, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua thamani yake:

"Haya, Mama. Mtazame mwanao bila kitambaa cheusi."



Nikainua kichwa. Mama Wakesho alikuwa ameshika mdomo. Nikatazama kioo, na safari hii si saa. Mwakio alikuwa mtu mrefu, na shati lake lilikuwa la mtu mwingine. Shingo ilisimama katikati ya kola bila kuigusa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akageuka pembeni, akafunika mdomo, na sasa mabega yale membamba yalionyesha wazi anachofanya. Hakuwa anaona haya. Alikuwa anakohoa.

"Fundi," Mama Wakesho akasema, "ipi ya kweli? Ile ya Jumapili au hii?"

Mteja akiniuliza swali la kitaalamu sijui kumdanganya. "Saa imekuwa mviringo, Mama," nikasema.

Akaelewa. Akatazama hadi mwisho, akamwambia Wakesho aanze tena, akatazama tena. Kisha akasema, "Rudisha."

"Turudishe mwanzo?"

"Rudisha zile nyeusi. Zirudishe vilevile."

Lazima niwaeleze ninyi vijana wakati ule ulikuwaje. Mtu akikonda, ugonjwa ulikuwa na jina moja tu. Hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba yako, lakini lilikungoja kwenye kila kona ya njia ya sokoni. Na likishatamkwa, halikuuliza kama ni kweli.

"Wakimwona hivi Jumapili," Mama Wakesho akasema, "watamzika kabla hajapanda ndege. Na yeye akisikia wamemzika, hatapanda. Namjua. Atabaki kule afe kwa aibu. Acha wamwone mnene. Kesho nashuka Wundanyi nimpigie simu arudi nimtibu. Akishakuwa mikononi mwangu, waseme watakacho."

"Mama," nikasema, "mimi kazi yangu ni kunyoosha picha. Sijawahi kuiharibu picha kwa makusudi."

"Sikukuita uharibu, mwanangu. Nakuita ufunike."

"Na watu wakiniuliza kwa nini sikuondoa mistari?"

Wakesho akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mwerevu aliyekosa swali rahisi. "Utasema ilikushinda," akasema.

Mimi! Nilikaa nyuma ya TV ile na mswaki mkononi, nikamtafuta mtu mwingine wa kulaumiwa, hapakuwa na mtu. Nikazungusha. Saa ikalala, ikawa yai. Mwakio akanenepa.

Jumapili walikuja wote. Mchungaji aliomba, nikawasha. Kabla Mwakio hajamaliza salamu, Mjomba Shako alikuwa ameshanyoosha fimbo kuelekea kwenye TV.

"Kwani fundi hakuitwa kuondoa hizi nyeusi?"

"Aliitwa," mtu akasema nyuma. "Alikuja na kioo."

"Kioo cha nini? Alikuja kunyoa?"

Wakacheka hadi mchungaji akacheka. Mjomba Shako akanigeukia. "Fundi, ile diploma yako na ile Ghuba yako vimeshindwa na mistari miwili?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mchoro wake mfukoni. Nikamtazama Mama Wakesho, naye alikuwa anamtazama mwanawe, mikono imekunjwa magotini.

"TV hii ina tatizo la kipekee," nikasema. "Imenishinda."

"Mwacheni fundi," Mama Wakesho akasema kwa upole. "Amejaribu."

Nimefanya kazi maisha yangu yote na neno lililonichoma kuliko yote ni hilo. Amejaribu!

Habari ikateremka mlimani kabla yangu. Juma lile lile kinyozi wa jirani aliniuliza kama nauza kile kioo. Fundi mmoja karibu na stendi, ambaye hakuwa na hata cheti cha kuogelea, alipaka mlangoni kwake maneno: TUNAONDOA MISTARI MYEUSI, HATA YA WUSI. Watu wa Mwanda walianza kumpelekea TV zao. Wafula pekee alinitetea. Alikwenda hadi kwa yule fundi akamwambia, "Huyo mtu aliponya TV yangu hadi msomaji wa habari akaonekana amefiwa. Wewe unaweza?" Sina hakika utetezi ule ulinisaidia.

Mwakio alirudi. Simu ya mama yake ilikuwa fupi kuliko barua zake. Alimwambia, "Nimekuona. Njoo," akakata. Alishuka kwenye basi la Nairobi pale Voi akiwa amevaa koti kubwa wakati wa joto, na Mama Wakesho alikuwa ameomba wapumzike dukani kwangu kabla ya kupanda mlima. Nikampa kiti. Akakohoa, akaomba radhi, akaona diploma ukutani.

"Wewe ndiye yule fundi aliyeshindwa?" akaniuliza.

"Ndiye," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nadhani dada yake alikuwa ameshamweleza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu. Alikuwa akifanya kazi mbili, mchana na usiku, analala kwenye chumba cha baridi na wenzake, na karatasi zake za kuishi kule zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo aliogopa kwenda hospitali. Kifua hutibika, na kikatibiwa. Wusi walishtuka kumwona, lakini hapo ndipo hesabu ya Mama Wakesho ilipotimia. Walikuwa wamemwona mnene kwa macho yao. Badala ya kuulizana anaumwa nini, wakabaki kuulizana ule unene umekwenda wapi. Wakatafuta sababu, wakaipata upesi: ni mimi.

"Si ile deki?" walisema. "Deki ya fundi yule inanenepesha watu. Haina hata uwezo wa kuondoa mistari, itaonyeshaje mtu sawasawa?"

Jina langu likawa lishe ya mlima mzima, na Mwakio akawa anapona kimyakimya nyuma yake. Kuna watu walioacha kuleta kanda za arusi kwangu wakihofia bibi arusi kupanuka. Nilinyamaza. Kwa mtu wa aina yangu kunyamaza si jambo dogo, na nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, ingawa haikuhitaji kifaa.

Mama Wakesho alimlisha mwanawe kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa: kimanga asubuhi, kimanga mchana, na jioni akauliza kama ameshiba kimanga. Mwakio akaanza kujaa. Kola ikaigusa shingo, kisha shingo ikaishinda kola. Akafungua duka la mbegu Mwatate, akaoa, akaendelea kujaa. Akachangia paa la kanisa, mabati na mbao, Mjomba Shako akasimama ibadani na kusema aliyaona yote mapema kwenye TV.

Basi hadithi ikageuka. Sasa ilisemekana deki yangu inaona mbali. Mjomba Shako mwenyewe alikuja dukani na kanda ya mjukuu wake aliyekuwa jeshini.

"Fundi, iweke kwenye ile yako," akasema kwa sauti ya chini. "Nataka kuona atakavyokuwa."

"Mzee, deki hii haibashiri."

"Unyenyekevu mzuri," akasema. "Weka."

Wateja wakarudi, na zaidi. Yule fundi wa stendi akafuta maneno yake mlangoni. Nilipata heshima yangu yote, na hakuna hata chembe yake iliyotokana na diploma.

Mwakio ameniruhusu kuandika haya. Anasema siku hizi hata mlango unamsumbua, na hakuna atakayeamini kwamba aliwahi kukonda. Mara ya mwisho kuiona kanda ile ilikuwa kabla miaka ya tisini haijakwisha, Mama Wakesho aliponiita nipande na deki, kwa sababu wajukuu walitaka kumwona baba yao Amerika. Nilipanda na kioo na mswaki pia. Nilikuwa na deni langu na mistari ile miwili. Sasa hakuna cha kuficha, nikafikiri, sasa wataona fundi ni nani. Kanda ikaanza, nikaingia nyuma ya TV.

"Fundi," Mama Wakesho akasema. "Unafanya nini huko?"

"Nanyoosha picha, Mama."

"Toka. Usiguse."

Nikatoka. Mwakio alikuwa amekaa kando ya TV na mtoto kwenye kila goti. Nikamtazama yeye, nikatazama picha yake: mashavu yale yale, shingo ile ile, upana ule ule wa mlango. Nikatafuta mviringo, kwa mazoea: ile saa ya ukutani jikoni kwake, bado imelala kama yai. Katika chumba kile chote, kitu pekee kilichobaki kikisema uongo kilikuwa ni saa.